Nimeambiwa nipunguze sukari, na chai yangu ina kijiko kimoja tu: nipunguze ipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Mikindani, Mtwara, na nina duka dogo la vyakula. Mwezi uliopita nilipima sukari asubuhi kabla ya kula ikaonyesha 6.4. Nikaambiwa kuwa sijawa mgonjwa wa kisukari, ila nipunguze sukari. Soda niliacha miaka mingi. Chai nakunywa vikombe viwili kwa siku, kila kimoja kijiko kimoja. Asubuhi nakula slesi nne za mkate, saa nne nakoroga kikombe cha kakao ya kopo, ile iliyokwisha kuchanganywa, mchana nakula ugali au wali kwa samaki na tomato sosi kidogo, kisha glasi ya juisi ya boksi, na jioni mtindi wa kikopo wenye ladha ya stroberi. Sasa nipunguze sukari ipi? Na hivi vitu niendelee kuwauzia wateja, au namkosea Mungu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe katika ile orodha ya mlo wako. Kabla sijaifikia, niseme neno juu ya hiyo 6.4. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya damu iliyopimwa kabla ya kula inatakiwa iwe chini ya milimoli 6.1 kwa lita, kuanzia 6.1 hadi 6.9 mwili umekwisha kuanza kushindwa kuidhibiti, ingawa bado hauitwi mgonjwa. Na kuanzia 7.0, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari. Aliyekuambia hujawa mgonjwa alisema kweli, na aliyekuambia upunguze sukari alisema kweli pia, isipokuwa hakukuonyesha ilipo.

Tuihesabu. Kijiko kimoja cha chai, kikiwa sawa bila kurundika, hubeba takribani gramu 4 za sukari. Vikombe vyako viwili vya chai vinakupa gramu 8. Slesi nne za mkate laini wa dukani, kwa kadirio la gramu 2 kila moja, zinaongeza gramu 8 nyingine. Vijiko viwili vya kurundika vya ile kakao iliyochanganywa vina uzito wa kama gramu 20, na katika bidhaa za aina hiyo sukari huweza kufika nusu, kwa hiyo tuseme gramu 10. Glasi ya mililita 250 ya juisi yenye gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100 inakupa gramu 27 na zaidi. Mtindi wa ladha wa gramu 250, baada ya kutoa sukari ya asili ya maziwa, hubaki na kama gramu 19 zilizotiwa kiwandani. Kijiko kikubwa cha tomato sosi kina gramu 4. Jumla ni gramu 76 hivi, yaani vijiko 19 vya chai kwa siku moja, na kati ya hivyo ni viwili tu ulivyovitia kwa mkono wako. Nimetumia viwango vya kawaida vya bidhaa za namna hiyo. Zilizo kwenye rafu yako zinaweza kuzidi au kupungua, na lebo ndiyo itakayokupa hesabu ya kweli.

Sasa uilinganishe na kipimo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ikishushwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko 12, na asilimia 5 ni gramu 25, sawa na vijiko 6. Sukari huru maana yake ni ile inayotiwa na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo katika asali, sharubati (yaani maji mazito ya sukari) na juisi ya matunda. Sukari iliyomo ndani ya embe zima au katika maziwa yasiyotiwa kitu haihesabiwi. Wengi hupinga ninapoitaja asali, kwa kuwa tumelelewa tukiijua kama dawa. Lakini zaidi ya robo tatu ya asali ni sukari, na sukari guru haina tofauti ya maana na ile nyeupe mbele ya kongosho lako.

Wewe umeacha soda, na nakupongeza, lakini niruhusu niseme ninaloliamini kutokana na miaka ya kuzungumza na kina mama kuanzia Shangani hadi Newala: soda haina hila kubwa. Kila mtu anajua kuwa soda ni tamu, na anayeinywa anajua anachokinywa. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi, vijiko kama tisa, na hakuna anayempa mgonjwa soda akidai inaongeza damu, au tuseme wanaofanya hivyo wamepungua. Juisi ya boksi ndiyo inayoingia nyumbani kwa heshima. Boksi lina picha ya machungwa yenye majani mabichi, mgeni wa hospitali hulibeba mkononi kama zawadi, mtoto huwekewa kwenye mkoba wa shule, na mama anayejihadhari huichagua akiamini amechagua afya. Kwa sukari, mililita kwa mililita, juisi hiyo na soda ni ndugu wa tumbo moja. Hata juisi ambayo ni tunda tupu, bila sukari ya kuongeza, ina kama gramu 10 kwa mililita 100, kwa sababu glasi moja imekamuliwa machungwa matatu au manne ambayo ungeyamenya na kuyala ungechoka kabla ya kuyamaliza. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio, sukari imeingia kwenye glasi.

Huenda ukajiuliza kwa nini kiwanda kitie sukari kwenye mkate au kwenye nyanya. Utamu ni sababu mojawapo tu. Katika mkate, sukari hulisha hamira ili unga uumuke upesi, huipa ngozi ya juu ile rangi ya kahawia inayovutia, na huushika unyevu ili mkate ubaki laini siku kadhaa rafuni. Katika tomato sosi hupoza ukali wa siki, na kwa kuwa nyanya zenyewe ni ghali kuliko sukari, hujaza chupa kwa gharama ndogo. Sosi nyingi zina gramu 20 au zaidi kwa kila gramu 100, jambo ambalo mtu hawezi kulihisi ulimini kwa sababu chumvi na siki vinaufunika utamu. Katika jemu, sukari huyafunga maji kiasi kwamba ukungu na bakteria hawapati ya kuishi, na ndiyo maana jemu hukaa miezi. Katika mtindi uliopunguzwa mafuta, sukari hurudisha ule utamu na uzito wa mdomoni ulioondoka pamoja na mafuta, na mnunuzi aliyeona neno la mafuta kidogo huondoka akiwa ameridhika. Kwa hiyo hakuna njama katika kila kifungashio. Kuna mahesabu ya kiwanda, ambayo hayakuyaweka maini yetu mezani.

Tuje kwenye lebo, na kwa kuwa una duka, una maktaba nzima mbele yako. Anza na orodha ya viambato. Kanuni ya kimataifa ya vyakula vilivyofungashwa inataka viambato viorodheshwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona sukari ni ya pili katika kopo la kakao, jua kwamba imezidiwa na kitu kimoja tu. Lakini hapo ndipo ilipo hila yenyewe: kiwanda kikitumia aina tatu za sukari, kila moja huandikwa peke yake na kushuka chini kwenye orodha, ilhali zikijumlishwa zingekaa juu kabisa. Kwa hiyo jifunze sura zake. Majina mengi ya kigeni ambayo kwa Kiingereza humalizikia kwa herufi o-s-e, kama glukozi, fruktozi, dekstrozi, maltozi na sukrozi, ni sukari. Sharubati ya mahindi, sharubati ya glukozi, juisi iliyokolezwa, kimea kilichokolezwa na molasi ni sukari vilevile. Maltodekstrini si sukari kwa hesabu ya lebo, bali ni wanga uliovunjwavunjwa, lakini hupanda kwenye damu kwa kasi ile ile au zaidi, kwa hiyo mtu wa 6.4 asiipuuze. Maneno ya kwamba hakuna sukari iliyoongezwa yasikutulize peke yake, kwani hata juisi ya tunda tupu, isiyoongezwa kitu, imejaa sukari.

Kisha tazama jedwali la virutubishi, na usome safu ya gramu 100 au mililita 100, si ile ya mlo mmoja. Mlo mmoja hupangwa na kiwanda; nimewahi kuona pakiti ndogo ya biskuti ambayo mtoto huimaliza njiani akitoka shule, imeandikwa kuwa ni milo mitatu. Chukua tarakimu ya sukari kwa gramu 100, zidisha kwa uzito wa kile utakachokula kweli, gawanya kwa 100, kisha gawanya kwa 4, upate vijiko. Ukikuta jedwali limeandika wanga kwa jumla bila kuitenga sukari, basi kwa kinywaji chukulia kwamba wanga wote huo ni sukari, na mara nyingi hutakosea.

Jambo moja linalowachanganya wateja wako ni alama ya TBS. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limebeba pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, linathibitisha kwa alama hiyo kwamba bidhaa imetimiza kiwango chake. Halisemi kwamba bidhaa ina sukari kidogo. Juisi inaweza kuwa safi, salama, yenye alama halali, na bado ikawa na vijiko saba kwa glasi. Nchi ya Chile ilianza mwaka 2016 kulazimisha alama nyeusi ya pembe nane mbele ya vyakula vyenye sukari nyingi, ambayo hata asiyejua kusoma huielewa, na mimi ningependa sana kuiona hapa. Uingereza nayo ilipotangaza ushuru wa vinywaji vyenye gramu 5 au zaidi kwa mililita 100, ulioanza Aprili 2018, viwanda vingi vilipunguza sukari kabla hata ushuru haujaanza kutozwa. Kumbe inawezekana.

Nini hasa hutokea mwilini? Sukari ya mezani ni muungano wa glukozi na fruktozi, nusu kwa nusu. Glukozi huingia kwenye damu, kongosho likatoa insulini, na insulini ikaziwezesha misuli na viungo vingine kuichukua. Fruktozi haisubiri utaratibu huo. Sehemu yake kubwa huishia kwenye ini, na ini likipokea nyingi kwa mpigo, kama inavyotokea mtu anapokunywa utamu badala ya kuutafuna, huigeuza kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo hutoka kwenda kwenye damu, mengine hubaki palepale. Ini lililojaa mafuta huacha kuitii insulini. Na kazi mojawapo ya insulini usiku ni kulizuia ini lisimwage glukozi kupita kiasi wakati umelala. Ini lisipotii, humwaga, nawe huamka asubuhi, hujala kitu kwa saa nane, na kipimo kinasoma 6.4. Kwa hiyo ile tarakimu ya asubuhi inatuambia zaidi juu ya hali ya ini lako katika miezi iliyopita kuliko juu ya ulichokula jana usiku.

Sitaki uelewe kwamba juisi peke yake ndiyo iliyokufikisha hapo. Uzito, kukaa kwenye kiti cha dukani tangu alfajiri hadi usiku, urithi wa familia, na ukubwa wa ugali vina sehemu yao. Ugali wa muhogo na wali mweupe vyote huishia kuwa glukozi, hata kama havina chembe ya sukari. Lakini ushahidi juu ya vinywaji vitamu ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliounganisha tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka, ulionyesha kwamba wanaokunywa kinywaji kitamu mara moja au mbili kwa siku wana hatari ya kupata kisukari aina ya pili iliyozidi kwa asilimia 26 ile ya watu wasiokunywa kabisa au wanaokunywa chini ya mara moja kwa mwezi. Sababu mojawapo ni kwamba tumbo haliitambui sukari ya majimaji kama chakula: ukinywa kalori mia moja za juisi, chakula cha usiku hukipunguzi kwa kalori mia moja. Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu 1 kati ya 11 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana kisukari, na wengi hawakuwa wanajua.

Kwa watoto nitasema kwa ufupi, ingawa hukuuliza. Meno huozwa na asidi inayotengenezwa na bakteria kila wanapopata sukari, kwa hiyo idadi ya mara mtoto anapolamba pipi kwa siku ina uzito kuliko idadi ya pipi. Na kwa vyakula vya makopo vya watoto wachanga, soma lebo kwa ukali maradufu: Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nafaka za watoto za kampuni ya Nestlé zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Amerika Kusini zilikuwa zimetiwa sukari, wakati zile za kampuni hiyo hiyo zilizouzwa Uswisi hazikutiwa. Uji wa mtama au ulezi uliosagwa nyumbani, ukaungwa kwa korosho au karanga zilizotwangwa, hauna cha kuuonea wivu kopo lolote.

Sasa nipunguze ipi, umeuliza. Acha kijiko chako cha chai kama kilivyo, angalau kwa sasa. Hicho unakiona, na ukikiondoa leo utajisikia umetimiza wajibu huku vijiko 17 vikiendelea kupita nyuma yako. Anza na juisi, kwa sababu peke yake ni zaidi ya theluthi ya mzigo wote. Weka maji mahali pake, na siku unayotamani kitu, dafu; maji ya dafu yana sukari kama robo hivi ya ile ya juisi, na minazi ya Mikindani haijatuishia. Pili, nunua mtindi usiotiwa kitu, ukatie mwenyewe vipande vya embe au papai, na katika msimu wa korosho jaribu hata bibo, ambalo hapa kwetu tunaliacha lioze chini ya mkorosho ilhali lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mtindi huo utauona mkali kwa wiki mbili au tatu, kisha ulimi utazoea, na ule wa stroberi utaanza kuuona kama dawa ya kikohozi. Mambo hayo mawili yanakutoa kwenye gramu 76 hadi kama 30. Kakao unaweza kunywa ile tupu, isiyochanganywa, ukatia kijiko chako mwenyewe ukikiona. Samaki mtafutie kachumbari yenye ndimu na pilipili, ambayo kwa heshima yote ya tomato sosi, ndiyo iliyoumbwa kwa ajili ya samaki wa pwani.

Usikimbilie vinywaji vilivyoandikwa kuwa havina sukari kabisa. Vinatiwa vitamu vya maabara kama aspatamu na sakarini, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu manufaa yake ya muda mrefu hayakuonekana. Chupa moja haitakudhuru, lakini vinaulinda ulimi wako usiusahau utamu, na sisi tunataka uusahau.

Kuhusu duka, dada yangu, hujamkosea Mungu. Oktoba minada ya korosho inapoanza na fedha zikaingia mikononi, kreti za soda na maboksi ya juisi yatatoka kwako au yatatoka kwa jirani yako. Ninachokuomba ni kidogo: maji yawe ndani ya friji mbele, kwenye usawa wa macho, na juisi ishuke chini, weka korosho za kukaanga na karanga karibu na mahali pa kulipia, palipokuwa na pipi, na mama akija kununua juisi ya kumpelekea mgonjwa wa kisukari aliyelazwa hospitali ya Ligula, mwambie vijiko vilivyomo, kisha mwache aamue.

Kipimo kirudiwe. Kimoja hakitoshi kumwita mtu chochote. Fanya mabadiliko haya kwa miezi mitatu, halafu urudi kupima asubuhi ukiwa hujala wala kunywa kitu chochote isipokuwa maji kwa saa nane, na uulizie pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakihitaji kufunga, na kuanzia asilimia 6.5 ndipo kisukari kinapohesabiwa. Ikiwa kabla ya hapo utaanza kukojoa mara kwa mara usiku, kuwa na kiu isiyokatika au kukonda bila sababu, usisubiri miezi mitatu iishe. Na utakapokwenda, beba lebo za mkate na kakao unayotumia, ili hesabu tuliyoikadiria hapa mtaalamu wa kituoni aifanye upya kwa tarakimu zako.